Chuo Kikuu Katoliki ni cha Nini? Kusudi, Uongozi na Kesho ya Elimu ya Juu ya Kikristo



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wengi katika jumuiya zetu ndogo ndogo huanza kuhangaikia jambo moja: kijana aende chuo gani? Vyuo ni vingi, ada zinatofautiana, na kila chuo kina matangazo yake redioni. Hapo ndipo mzazi Mkatoliki anapomwuliza paroko, au anapotuuliza sisi mafrateri tukiwa likizo parokiani: "Hivi chuo kikuu cha Kanisa kina tofauti gani na vyuo vingine, ukiacha kwamba kina kikanisa na padre wa kuadhimisha Misa?"

Swali hili ni zuri na halistahili jibu la harakaharaka. Mzazi anayeliuliza huenda anafikiria kuuza ng'ombe wawili au kiwanja ili apate ada ya mwaka wa kwanza. Nasi tunaosoma falsafa seminarini linatuhusu, kwa sababu baadhi yetu, Mungu akipenda, tutatumwa siku moja kufundisha katika vyuo hivyo, kuwalea wanachuo kiroho, au kukaa katika vikao vinavyoamua mambo yao. Katika makala hii tunapenda kueleza mambo matatu: kusudi la chuo kikuu katoliki, namna kinavyopaswa kuongozwa, na mambo yatakayoamua kesho yake, hasa hapa Tanzania.

Chimbuko lake

Wapo wanaodhani kwamba Kanisa liliingia katika elimu ya juu kama mgeni aliyechelewa. Historia inasema vingine. Chuo Kikuu cha Paris, kimojawapo cha vyuo vikuu vya kale kabisa Ulaya, kilikua kutokana na shule zilizokuwa chini ya kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1229 ulizuka ugomvi kati ya wanafunzi na wenyeji wa mji. Baadhi ya wanafunzi wakauawa, walimu wakagoma na kutawanyika. Mwaka 1231 Papa Gregori IX alitoa hati iitwayo Parens scientiarum, iliyowapa walimu haki ya kujitungia taratibu zao na hata ya kusitisha masomo pale wanapodhulumiwa. Papa ndiye aliyesimama kuulinda uhuru wa chuo.

Katika chuo hichohicho alifundisha baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino. Alisoma maandiko ya Aristotle, aliyeishi kabla ya Kristo, na ya Waislamu Ibn Sina na Ibn Rushd. Alichokiona ni cha kweli alikipokea kwa shukrani, na alichokiona kina kosa alikijibu kwa hoja. Hakuogopa ukweli eti kwa sababu umetoka kinywani mwa mtu asiye wa imani yake.

Ndiyo maana Mtakatifu Yohane Paulo II, alipotoa Katiba ya Kitume juu ya vyuo vikuu katoliki tarehe 15 Agosti 1990, aliianza kwa maneno Ex corde Ecclesiae, yaani "kutoka moyoni mwa Kanisa". Chuo kikuu ni mtoto wa nyumbani.

Kusudi: ukweli wote, kwa ajili ya watu

Katiba hiyo inataja alama nne za chuo kikuu katoliki. Ya kwanza, roho ya Kikristo iwemo katika watu mmoja mmoja na katika jumuiya nzima ya chuo. Ya pili, elimu yote ya wanadamu itafakariwe bila kukoma katika mwanga wa imani. Ya tatu, chuo kiwe kiaminifu kwa ujumbe wa Kikristo kama unavyotufikia kwa njia ya Kanisa. Ya nne, chuo kizima kijitoe kulihudumia taifa la Mungu na familia ya wanadamu.

Alama ya pili ndiyo inayotugusa zaidi sisi wanafalsafa, nayo huwa haieleweki kirahisi. Haina maana kwamba mwalimu wa hesabu aanze kipindi kwa mahubiri, wala kwamba kemia ya Wakatoliki iwe tofauti na ya wengine. Msingi wake ni imani kwamba ukweli ni mmoja, kwa kuwa Mungu aliyeumba vitu vyote ndiye pia aliyejifunua kwetu. Kwa hiyo mtu anayetafuta ukweli kwa uaminifu maabara, mahakamani au katika vitabu vya hesabu yumo katika njia ileile anayopita mwanataalimungu, japo kila mmoja ana vifaa vyake.

Tuchukue mifano. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza ugonjwa na dawa yake. Hilo asipolijua vizuri, uchaji wake hautamponya mgonjwa. Lakini siku atakapokutana na mgonjwa asiye na fedha, au na familia inayouliza kama mzee wao anastahili kuendelea kuhudumiwa, kitabu cha dawa hakitamjibu. Hapo anahitaji kuwa ameshajiuliza mapema: mtu ni nani, na thamani yake inatoka wapi?

Mwanafunzi wa uhasibu naye hujifunza kulinganisha mapato na matumizi. Siku atakapoambiwa na bosi wake aandike risiti ambayo haina manunuzi, hatakosa utaalamu. Atahitaji dhamiri iliyofundwa. Vivyo hivyo kwa mwandishi wa habari anayepewa bahasha ili habari fulani isitoke.

Kwa sababu hiyo chuo kikuu katoliki hakiwezi kuridhika na kutoa wataalamu peke yake. Kinatakiwa kumpa kijana utaalamu kamili, kisha kimsaidie kuuliza utaalamu huo ni kwa ajili ya nani. Sheria za Kanisa, kanuni ya 811, zinataka katika vyuo vikuu katoliki kiwepo kitivo cha taalimungu, au idara yake, au walau mhadhiri mmoja wa somo hilo, ili hata wanafunzi walei wapate nafasi hiyo. Masomo ya falsafa na maadili ambayo wanafunzi wengine huyaona kama nyongeza ya kuwachosha yamewekwa kwa sababu hiyohiyo. Ni daraja linalounganisha somo moja na jingine, na somo na maisha.

Je, wanafunzi wasio Wakatoliki? Katika vyuo vyetu wapo Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, Waislamu na wengineo. Ex Corde Ecclesiae inataka uhuru wa dhamiri wa kila mmoja uheshimiwe kikamilifu. Kijana Mwislamu anayesoma katika chuo cha Kanisa ana haki ya kufundishwa vizuri, kusahihishiwa kwa haki na kutolazimishwa katika imani. Akimaliza na kusema alitendewa kwa haki, chuo kimetangaza Injili bila kumlazimisha mtu yeyote.

Hapa kwetu

Tanzania inao mfano unaoonyesha kusudi hili vizuri. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, wa shirika la Mapadre Weupe, alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, kando ya Ziwa Viktoria. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru na ilihitaji watu. Kituo hicho kikawaandaa watu katika maendeleo ya jamii, uhasibu na uandishi wa habari. Tuzingatie kwamba askofu yule hakuanza na majengo makubwa wala na jina la chuo kikuu. Alitazama nchi inahitaji nini, akaanzia hapo. Mwaka 1998 kituo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), na kauli mbiu yake ikawa kuujenga Mji wa Mungu.

Mfano wa pili ni Bugando, jijini Mwanza. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, kisha mwaka 1985 ikarudishwa chini ya TEC kwa makubaliano na serikali. Mwaka 2003 kilianza hapo chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya, ambacho baadaye kimekuwa chuo kikuu kamili. Hapo daktari mwanafunzi hujifunzia kando ya kitanda cha mgonjwa aliyetoka kijijini Kanda ya Ziwa. Vipo vingine pia, kama Mwenge huko Moshi, Ruaha huko Iringa na Jordan huko Morogoro. Kwa kanda nzima kipo Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, CUEA, huko Nairobi, kilichoanza mwaka 1984 na kufunguliwa rasmi na Yohane Paulo II mwezi Agosti 1985.

Waswahili husema, usione vyaelea, vimeundwa. Vyuo hivi viliundwa kwa jasho la watu, pamoja na sadaka za waamini ambao wenyewe hawakupata nafasi ya kukaa darasani. Kwa hiyo suala la nani anaviongoza na kwa namna gani si la maaskofu peke yao.

Uongozi: nani ashike nini?

Kwa kawaida chuo kikuu hapa nchini kina Mkuu wa Chuo, Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo anayesimamia shughuli za kila siku, na Seneti inayoshughulikia taaluma. Kwa upande wa Kanisa, kanuni ya 808 inasema hakuna chuo kinachoweza kujiita "Chuo Kikuu Katoliki" bila idhini ya mamlaka halali ya Kanisa. Kanuni ya 810 inataka walimu wawe wenye uwezo wa kitaaluma na wa kufundisha, na wakati huohuo wawe watu wa mafundisho sahihi na maisha manyofu. Kanuni ya 812 inawataka wanaofundisha taalimungu wawe na kibali cha mamlaka ya Kanisa. Kwa upande wa nchi, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), inayotoa ithibati na kukagua ubora. Chuo kikuu katoliki kinawajibika pande zote mbili, na hakiwezi kutumia upande mmoja kukwepa mwingine.

Kuhusu uongozi tunalo funzo kubwa kutoka kwa Mtakatifu John Henry Newman. Mwaka 1854 alifungua Chuo Kikuu Katoliki huko Dublin, Ireland, akiwa mkuu wake wa kwanza. Mafundisho yake juu ya maana ya chuo kikuu yanasomwa hadi leo dunia nzima. Hata hivyo chuo chenyewe kilipata taabu, naye alijiuzulu mwaka 1858. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mbili zinatuhusu. Kwanza, serikali haikuzitambua shahada zake, hivyo wazazi wakasita kuwapeleka watoto. Pili, Newman alitaka walei wapewe nafasi kubwa, hasa katika kusimamia fedha, na hilo halikukubaliwa. Sehemu iliyostawi ni shule yake ya udaktari, ambayo wanafunzi wake waliweza kufanya mitihani ya vyombo vya kitabibu vilivyotambuliwa.

Funzo ni lipi? Wazo zuri pekee halitoshi. Chuo cha Kanisa kisipokidhi viwango vinavyotambulika, kinawaumiza watoto wa maskini kwanza, kwa kuwa wao ndio wasio na njia ya pili. Na pale walei wenye ujuzi wa fedha, sheria na utawala wanapowekwa pembeni, padre mmoja hubebeshwa kazi ambayo hakuisomea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliyaona malezi kuwa kazi ya Kanisa zima. Padre ana nafasi yake chuoni, nayo ni kubwa. Lakini mhasibu Mkatoliki mwenye shahada na moyo safi naye ana wito, na wito huo upo katika ofisi ya uhasibu ya chuo.

Kiongozi wa chuo katoliki hupimwa zaidi kwa yale anayokataa. Akubali mtihani uliovuja upite kwa kuwa mhusika ni mtoto wa mfadhili? Anyamaze mhadhiri anapomdai mwanafunzi wa kike mwili wake ili ampe alama? Rushwa ya ngono ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mbele ya Mungu ni dhambi inayolilia haki. Chuo chenye msalaba getini kikilifunika jambo kama hilo ili kulinda jina la Kanisa, kimeliharibu jina hilo zaidi ya adui yeyote wa nje. Binti aliyeonewa anapaswa kujua ni mlango gani wa kugonga, na akiugonga, afunguliwe na asikilizwe.

Kesho: mambo matatu

La kwanza ni fedha. Vyuo vyetu vinaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa ada za wanafunzi. Wengi wao hutegemea mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Idadi ya wanafunzi ikishuka, mishahara inachelewa. Hapo kishawishi huja: dahili yeyote, ongeza programu hata kama walimu hakuna, jaza viti. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 nchini, vikiwemo vya taasisi za dini, kudahili wanafunzi wapya, kutokana na kasoro za ubora. Lile lilikuwa onyo kwa wote. Heri kuwa na programu chache zinazofundishwa vizuri kuliko orodha ndefu isiyo na walimu.

Je, waamini wanaweza kufanya nini? Tunajua kuchangishana. Kwa harusi moja kamati hukaa miezi, kadi za michango husambazwa, na mamilioni hupatikana. Jumuiya ileile ikiamua kila mwaka kumsaidia mwanachuo mmoja, awe wa uuguzi au wa ualimu, haitashindwa. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alisisitiza kwamba anayesomeshwa kwa jasho la wengi ana deni la kuwatumikia. Jumuiya inayomchangia kijana ina haki ya kumkumbusha deni hilo.

La pili ni walimu. Kumwandaa mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu huchukua miaka mingi. Majimbo hupeleka mapadre masomoni. Wakirudi, mahitaji ya parokia huwavuta. Hatulaumu, mavuno ni mengi. Lakini hilo linaonyesha kwamba lazima tuwaandae pia walei, wake kwa waume, wanaolipenda Kanisa na kuijua taaluma yao, na tuwalipe kwa haki. Ex Corde Ecclesiae inataka walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki chuoni. Sharti hilo halitatimia kwa kutamani. Litatimia kwa kusomesha watu.

La tatu ni akili mnemba. Leo mwanafunzi anaweza kuiamuru simu yake imwandikie insha nzima, naye akaenda kulala. Mwezi Januari 2025 Vatikano ilitoa hati iitwayo Antiqua et nova inayoeleza tofauti kati ya akili ya mwanadamu na mashine hizi. Teknolojia hii ina faida zake na hatuna sababu ya kuikimbia. Lakini inatuuliza swali gumu: insha ilikuwa ya nini? Kama ilikuwa ya kupata alama, mashine imeshamaliza kazi. Kama ilikuwa ya kumfundisha kijana kufikiri, kupima hoja na kusimamia anachokisema, basi hakuna anayeweza kuifanya kwa niaba yake, kama vile hakuna anayeweza kula kwa niaba ya mwenye njaa. Chuo kinachouza vyeti kitakufa kwa sababu ya mashine hizi. Chuo ambacho mwalimu anamjua mwanafunzi, anakaa naye na kumwuliza "kwa nini umesema hivi?" kitahitajika kuliko zamani.

Hitimisho

Tumrudie mzazi wetu. Tunamshauri asitosheke na kuona msalaba getini. Auliza mambo haya: Programu hii ina ithibati? Nani anafundisha, na wapo wangapi? Mwanafunzi akionewa katika mtihani anakwenda kwa nani? Mwanafunzi wa uhasibu anafundishwa maadili kwa uzito au kama jambo la kupitisha muda? Waliohitimu wako wapi, na wanawatumikiaje watu? Chuo cha Kanisa kikijibu vizuri, ng'ombe wale hawatakuwa wameuzwa bure. Kikishindwa kujibu, basi kiambiwe kwa upendo, kwa kuwa ni chetu.

Nasi mafrateri tusione saa za falsafa kama foleni ya kungojea taalimungu. Anayejifunza leo kutofautisha hoja na kelele ndiye atakayeweza kesho kuongea na daktari, mwanasheria na mwanasayansi kwa lugha wanayoielewa.

Tarehe 1 Novemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, na kumweka pamoja na Mtakatifu Thoma wa Akwino kuwa wasimamizi wa elimu katika Kanisa. Mmoja alifundisha katika chuo kilichostawi, mwingine alikiona chuo chake kikiyumba. Wote wawili waliutafuta ukweli bila kuchoka. Watuombee, pamoja na wote wanaofundisha, wanaosoma na wanaolipa ada.